Kusimamisha vichwa vya jedwali kwa CSS

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Newala, karani msaidizi wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa korosho, na ukurasa wa chama nimeachiwa mimi. Nimeweka jedwali la mapokezi lenye safu saba: jina la mwanachama, idadi ya magunia, kilo daraja la kwanza, kilo daraja la pili, tarehe ya kupokelewa, makato na malipo. Kwenye kompyuta ya ofisini linakaa vizuri. Kwenye simu linatoka nje ya skrini, maana vichwa ni virefu kuliko namba zilizo chini yake. Nikaamua kuvisimamisha visomeke kutoka chini kwenda juu, kama jina kwenye mgongo wa daftari kubwa la mahesabu, nikatumia transform: rotate(-90deg). Maandishi yamesimama kweli, ila yamelalia mstari wa kwanza wa wakulima, na safu hazijapungua upana hata kidogo. Nimekosea wapi? Halafu mwenyekiti anataka neno KOROSHO lisimame herufi juu ya herufi pembeni ya picha, kama vibao vya madukani. Inawezekana bila kuchora picha?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni na msimu. Mwandiko wako hauna kosa. Umeshika panga kwa kazi ya jembe.

Kivinjari kinapojenga ukurasa hufanya kazi kwa awamu. Kwanza hupima kila boksi na kuligawia kiwanja chake, kisha ndipo huchora. Sifa ya transform inaingia wakati wa kuchora, viwanja vikiwa vimeshagawiwa. Kichwa chako "Kilo daraja la kwanza" kilipimwa kikiwa kimelala, kikapewa pikseli kama 140 za upana, na safu nzima ikafuata upana huo. Baada ya hapo ndipo picha yake ikageuzwa robo mzunguko kwenye kitovu chake. Kiwanja kimebaki kipana vilevile, maandishi yametokeza juu na chini ya seli, mahali ambapo hayakupewa nafasi. Ndiyo maana umepata hasara mbili kwa mpigo: safu hazikupungua na majina yamefunikwa.

Fikiria kitanda cha tatu kwa sita kwenye chumba kidogo. Ukikigeuza robo mzunguko pale pale kilipo, kinagonga kabati. Ukikigeuza nusu mzunguko, upande wa kichwani ukawa wa miguuni, kinakaa kwenye alama zilezile za miguu yake sakafuni. Hilo la nusu mzunguko liweke akilini, tutalihitaji sasa hivi.

Sifa unayoitafuta inaitwa writing-mode. Hii inaingia mapema, kwenye awamu ya kupima. Unakiambia kivinjari kwamba ndani ya boksi hili mstari wa maandishi unatembea kutoka juu kwenda chini, nacho kinapima boksi likiwa tayari limesimama: jembamba, refu, na safu inanywea kufuata wembamba huo.

Haikubuniwa kwa ajili ya majedwali yetu ya korosho. Ni ya watu ambao maandishi yao husimama kwa asili yake. Kijapani na Kichina vikiandikwa kwa mtindo wa jadi, kila mstari unashuka, wa kwanza ukiwa kulia kabisa na unaofuata ukisogea kushoto. Kimongolia cha jadi nacho kinashuka, lakini mistari inaanzia kushoto. Ndipo zikapatikana thamani mbili kuu, vertical-rl na vertical-lr. Herufi mbili za mwisho zinataja mistari inasogea kuelekea wapi, kulia kwenda kushoto au kushoto kwenda kulia. Microsoft waliitia kwenye Internet Explorer 5.5 mwaka 2000, enzi hizo ikiandikwa tb-rl, na W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, wakaipitisha rasmi kuwa kanuni tarehe 10 Desemba 2019. Ukikutana na somo la zamani linalokufundisha tb-rl, lipite. Chrome inaelewa vertical-rl bila kiambishi cha kivinjari mbele yake tangu toleo la 48, Firefox tangu toleo la 41, kwa hiyo simu za wanachama wako, hata zile zilizochoka kidogo, zitaielewa.

Kwa herufi zetu za Kilatini chagua vertical-rl, hata kama kichwa chako kina mstari mmoja na hazioneshi tofauti yoyote. Herufi zetu zikiwekwa kwenye mtiririko wa wima hulazwa ubavu, vichwa vyake vikielekea kulia. Siku kichwa cha safu kitakapovunjika kuwa mistari miwili, kwenye vertical-rl mstari wa kwanza utakuwa kulia, yaani upande wa juu kwa mtu aliyeinamisha shingo kulia kusoma. Kwenye vertical-lr mstari wa kwanza utakuwa chini ya wa pili, na msomaji ataanzia katikati ya sentensi. Nimewahi kukabidhi kazi ya namna hiyo kwa mteja hapa Mtwara mjini bila kugundua. Yeye aligundua siku hiyohiyo.

Sasa msimbo wenyewe. Kwenye HTML, lugha inayojenga ukurasa, maandishi ya kichwa yatie ndani ya span, alama inayofunga kipande cha maandishi:

<th scope="col"><span class="wima">Daraja la kwanza</span></th>

Na kwenye CSS, lugha inayopanga mwonekano wake:

thead th {
  vertical-align: bottom;
}

@supports (writing-mode: vertical-rl) {
  .wima {
    display: inline-block;
    writing-mode: vertical-rl;
    transform: rotate(180deg);
    white-space: nowrap;
  }
}

Utaniuliza: si umenikataza transform? Hapa ndipo kitanda kinaporudi. Sifa ya writing-mode peke yake inakupa maandishi yanayosomeka kutoka juu kwenda chini. Wewe unataka kutoka chini kwenda juu. Boksi limeshapimwa likiwa jembamba na refu. Tukiligeuza nusu mzunguko linarudi kwenye kiwanja chake kilekile, halimgusi jirani. Robo mzunguko inavamia, nusu mzunguko haivamii. Hapo transform inafanya kazi inayoiweza.

Sababu ya kuweka span badala ya kuipa th yenyewe, yaani seli ya kichwa, hiyo sifa ni kwamba kanuni inaruhusu kusimamisha seli, lakini vivinjari vya miaka ya nyuma vilikuwa vikipima vibaya seli za namna hiyo. Span ndani ya th haijawahi kunisumbua. Ile vertical-align: bottom inavishusha vichwa vifupi vikae karibu na namba zake, bila hiyo vitaelea katikati.

Usiondoe @supports ukidhani ni pambo. CSS ina tabia ya kuruka sifa isiyoijua na kuendelea na inayofuata. Kivinjari kinachojua transform lakini hakijui writing-mode kitaruka mstari mmoja, kitatekeleza mwingine, na mwanachama atakuta vichwa vimepinduliwa miguu juu. Ukivifunga pamoja ndani ya @supports, kivinjari ama kinachukua vyote ama kinaacha vyote, na kikiacha, vichwa vinabaki vimelala kama zamani. Jedwali litakuwa pana, lakini litasomeka.

Kuna njia mpya isiyohitaji kugeuza chochote: thamani inayoitwa sideways-lr. Yenyewe inalaza herufi upande wa pili, na maandishi yanapanda kutoka chini kwenda juu moja kwa moja. Firefox wanayo kwa miaka mingi. Chrome wameipata kuanzia toleo la 132, mwanzoni mwa 2025. Simu za huko zisizosasishwa bado hazijafika hapo, kwa hiyo iwe nyongeza, uiweke chini ya ile ya kwanza:

@supports (writing-mode: sideways-lr) {
  .wima {
    writing-mode: sideways-lr;
    transform: none;
  }
}

Anayeijua ataitumia, asiyeijua atabaki na ile ya juu. Ukisahau ile transform: none, utarudi kusomeka juu kwenda chini na utatafuta kosa mpaka usiku.

Kabla hujakimbilia kusimamisha vichwa vyote saba, tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapojichosha bure. Kichwa kilichosimama kinaokoa nafasi pale tu ambapo kilicho chini yake ni chembamba kuliko kichwa chenyewe. Chukua simu ya kawaida yenye upana wa pikseli 360 za CSS. Kwa fonti ya pikseli 13, tarakimu moja inakula kama pikseli 7 na mkato kama 4. Weka padingi, yaani nafasi ya ndani ya seli, ya pikseli 4 kila upande. Namba kama 1,250 itahitaji pikseli 40 hivi. Malipo ya 2,437,500 yatahitaji 65, na makato ya 121,875 yatahitaji 54. Sasa neno "Malipo" likiwa limelala halifiki pikseli 65. Ukilisimamisha hupati hata pikseli moja, umemwinamisha mzee wa watu shingo bila faida. "Makato" nalo ni hivyohivyo. Yaache yalale.

Tarehe inategemea unavyoiandika. 14/10/2025 inakula pikseli 72. Lakini msimu umeshautaja juu ya jedwali, mwaka wa nini tena? Andika 14/10, itakaa ndani ya 40, na kichwa kiitwe "Tarehe" tu. Vivyo hivyo na neno "kilo": lisirudiwe kwenye kila kichwa. Weka caption moja, yaani maelezo mafupi, juu ya jedwali, "Uzito wote ni kwa kilo," na vichwa vibaki "Daraja la kwanza" na "Daraja la pili." Kufupisha maneno kunaokoa nafasi kuliko sifa yoyote ya CSS, na hakuhitaji kivinjari kipya. Tena kunapunguza urefu wa vichwa: maneno matatu yaliyosimama yanakula zaidi ya pikseli 100 za kwenda chini, na kwenye simu hiyo ni mistari minne ya wakulima.

Sasa jumlisha. Magunia, madaraja mawili na tarehe ni safu nne za pikseli 40, yaani 160. Ongeza makato 54 na malipo 65, inakuwa 279. Jina la mwanachama, hata likiwa fupi, litachukua 90, tunafika 369. Na bado kivinjari kinaweka pambizo yake ya pikseli 8 kila upande wa ukurasa. Tumefika 385, tumezidi kwa 25.

Hapo nina maoni, uyachukue kama ya kaka mkubwa. Ukurasa wa intaneti unasomwa na dunia nzima. Jina la mkulima, kilo zake na fedha aliyolipwa havina sababu ya kuanikwa pamoja mahali ambapo mkopeshaji yeyote au mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho kwa njia ya panya, anaweza kupitisha macho. Ondoa jina, weka namba ya uanachama. Mwenyewe anaijua namba yake, na kama haijui ipo kwenye kitabu chake. Namba inakaa ndani ya pikseli 50. Jumla inashuka kutoka 385 hadi 345, na jedwali lote linaingia kwenye skrini ya 360 bila kusukumwa kwa kidole.

Kwa hiyo vilivyosimama ni vinne tu: Magunia, Daraja la kwanza, Daraja la pili, Tarehe. Ongeza na hii ili tarakimu zote ziwe na upana mmoja, zipangane kama askari wa gwaride:

td {
  padding: 4px;
  text-align: right;
  font-variant-numeric: tabular-nums;
}

Ipo sehemu nyingine kwenye jedwali lako ambapo maandishi ya wima yana faida kuliko hata kwenye vichwa, na hukuiuliza. Mapokezi yanagawanyika kwa miezi: Oktoba, Novemba, Desemba. Badala ya kuandika mwezi kwenye kila mstari, weka seli moja ndefu upande wa kushoto inayoshika mistari yote ya mwezi huo, na jina la mwezi lisimame ndani yake:

<th rowspan="12" scope="rowgroup"><span class="wima">Oktoba</span></th>

Inakula pikseli 25 hivi za upana. Tarehe nayo ikibaki 14 peke yake, safu yake inashuka kutoka 40 hadi kama 22, umerudishiwa karibu yote. Nafasi ya kwenda chini ipo tele, jina la mwezi ni fupi, na jicho linaona mara moja mwezi unaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kwanza pa kutumia wima kwenye jedwali lolote la ushirika, kabla hata ya vichwa. Kumbuka tu kwamba ile vertical-align: bottom tuliiwekea thead peke yake, kwa hiyo seli hii itakaa katikati, inavyopendeza.

Mitego miwili itakukuta, nikutajie mapema. Wa kwanza: width na height hazigeuki na maandishi. Width inabaki upana wa kushoto kwenda kulia hata mstari ukiwa unashuka. Kama unataka kipimo kinachofuata mstari popote unapoelekea, tumia inline-size kwa urefu wa mstari na block-size kwa unene wake. Kwa vichwa vyako huvihitaji, ila ukiona text-align: center inasukuma maandishi juu na chini badala ya kushoto na kulia, ujue ndiyo maana: yenyewe inafuata mstari.

Wa pili unatokana na ile nusu mzunguko. Padingi na mipaka ya .wima vinageuka pamoja na boksi. Ukiandika padding-top itatokea chini, border-left itatokea kulia. Pambizo haigeuki, kwa kuwa iko nje ya boksi. Mtu anaweza kupoteza asubuhi nzima kwa hilo. Dawa yake rahisi: .wima usiipe padingi wala mpaka, vyote vipe th.

Sasa tuje kwa mwenyekiti. Anachotaka ni kitu kingine kabisa, ingawa sifa ni ndugu. Vichwa vya jedwali ni kama ubao ulioandikwa ukiwa umelala, kisha ukaegeshwa ukutani: neno limesimama lakini kila herufi imelala ubavu. KOROSHO ya mwenyekiti ni kama kinyago cha ujamaa cha wachongaji wetu wa Kimakonde: watu wamepandana kutoka chini hadi juu, na kila mmoja kichwa chake kiko juu na miguu chini. Sifa inayofanya hivyo ni text-orientation, thamani yake upright:

.nguzo {
  writing-mode: vertical-rl;
  text-orientation: upright;
  text-transform: uppercase;
  letter-spacing: -0.1em;
  margin: 0;
}

Na kwenye HTML ni <p class="nguzo">Korosho</p> tu. Andika neno kawaida, herufi kubwa iachie CSS. Herufi ndogo zikipandanishwa hazipendezi: kuna yenye mkia kama g, kuna nyembamba kama i, nguzo inakuwa kama meno yaliyong'oka. Ile letter-spacing hasi inazisogeza herufi zikaribiane, maana kivinjari huacha nafasi kubwa kati yake. Jaribu namba mbalimbali hadi macho yaridhike. Ili ikae ubavuni mwa picha, vyote viwili vitie ndani ya div moja yenye display: flex na align-items: center.

Utakutana na watu wanaoandika K, kisha <br> ya kuvunja mstari, kisha O, kisha <br>, mpaka mwisho. Usiwafuate. Programu inayomsomea asiyeona itataja herufi mojamoja kama mtoto wa chekechea, na anayetafuta neno "korosho" kwenye mtandao hataupata ukurasa wako kwa neno hilo, kwa sababu halipo. Zipo herufi saba zisizojuana. Kwa writing-mode neno linabaki neno zima, linachaguliwa, linanakiliwa, linatafutwa.

Lakini Kiswahili kina jambo lake hapa, na wanaoandika masomo ya CSS hawalitaji kwa kuwa haliwahusu. KOROSHO ina SH, sauti moja kwa herufi mbili. Ikipandanishwa, S inakaa juu na H chini yake, na hakuna atakayeshindwa kusoma. Ila msimu mwingine mwenyekiti akikuambia uweke MING'OKO, utaona M, I, N, G, kisha kialama kimoja kimeelea peke yake kwenye ghorofa yake kama inzi kwenye maziwa, kisha O, K, O. Ng' ni sauti moja, na kuikata vipande vitatu kunaumiza jicho la yeyote aliyekula ming'oko. Kuna sifa ya kuzifunga herufi kadhaa zikae pamoja kwenye nafasi ya herufi moja:

.pamoja {
  text-combine-upright: all;
}

<p class="nguzo">Mi<span class="pamoja">ng'</span>oko</p>

Wajapani huitumia kuingiza tarakimu mbili za tarehe ndani ya mstari unaoshuka. Sisi tunaiazima kwa ng'. Herufi zitabanwa kidogo ili zienee, kwa hiyo usiifanyie zaidi ya herufi tatu, na fonti iwe kubwa. Kwa SH na NY unaweza kuitumia pia. Mimi huwa siitumii, naona zinavumilika zikiwa mbalimbali.

Na kwa kuwa wapo wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hasa pwani yetu ya Lindi na Kilwa, nikuonye: upright haifai kwa herufi hizo. Herufi za Kiarabu hushikana mikono ndani ya neno, na upright inazitenganisha kila moja peke yake. Kwa hizo acha text-orientation ilivyo, neno litalala ubavu lakini halitakatika.

Ukimaliza, fungua ukurasa kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, chagua mwonekano wa simu wenye upana wa 360, ukague. Kisha ufungue kwenye simu halisi, na usiwe wewe unayesoma. Mpe mwanachama mmoja mtu mzima, mwambie akutafutie kilo zake za daraja la pili, nawe ukae kimya. Akiigeuza simu ili kichwa kisomeke, skrini nayo ikageuka, akaigeuza tena, basi neno hilo bado refu: lifupishe liweze kulala, hata kama ni "Dar. 2" na maelezo yake chini ya jedwali.

La mwisho, najua jedwali hilohilo utalichapa na kulibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ghala. Karatasi ya A4 ikilazwa ina upana wa kutosha, hakuna haja ya vichwa kusimama wala watu kuinamisha shingo juani. Weka hii mwishoni kabisa mwa CSS yako, chini ya zile @supports mbili, vinginevyo zitaishinda:

@page {
  size: A4 landscape;
}

@media print {
  .wima {
    writing-mode: horizontal-tb;
    transform: none;
  }
}

Rangi za nyuma ya seli kivinjari hakizichapi mpaka uweke alama kwenye dirisha la kuchapa, kwa hiyo mistari ya jedwali itenganishe kwa mipaka, usitegemee rangi.